"Aliondoka" si sawa na "alikuwa akiondoka"

Ndugu msikilizaji, na wewe unayenisoma leo gazetini, niko Mafinga, mahali ambapo ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka na harufu ya mbao mbichi hukupokea kabla hujashuka kwenye basi.

Juma lililopita nilipata mgeni nyumbani. Ni binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa mambo ya utalii, ambaye amekuja likizo. Aliingia na daftari kwapani, akasema: "Shikamoo baba. Mama amesema wewe ni mtu wa redio, unazijua lugha. Nina swali."

Nikamwitikia marahaba, nikamkaribisha kiti na chai. Akafungua daftari. Anajifunza Kihispania, kwa sababu anataka siku moja awe mwongoza watalii katika hifadhi ya Ruaha, na amesikia kwamba mgeni hufurahi akisikia lugha ya kwao porini. Swali lake lilikuwa hili: "Mwalimu ametufundisha kwamba Wahispania wana wakati uliopita wa aina mbili. Mimi najua jambo likipita limepita. Sasa kwa nini waupasue wakati mmoja vipande viwili?"

Nilicheka, lakini kicheko chenyewe hakikufika mbali. Swali la binti yule lilinikumbusha mtu mmoja ambaye nina deni lake, na deni hilo lilitokana na vipande hivyo hivyo viwili vya wakati uliopita. Si katika Kihispania, bali katika Kiswahili chetu hiki. Huyo nitamfikia. Kwanza tumjibu binti.

Mimi si msemaji wa Kihispania, na sitajifanya kuwa msemaji. Tulilipitia daftari pamoja, yeye akisoma na mimi nikiuliza, na hicho tulichokipata ndicho ninachokuletea leo.

Kwanza, usidhani Kihispania ni lugha isiyotuhusu. Ni lugha rasmi ya nchi zipatazo 20, na moja kati ya hizo iko hapa Afrika, nayo ni Guinea ya Ikweta. Mwezi Aprili 1965 Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma akiwa na wenzake kutoka Cuba, kwenda kupigana Kongo. Ili wasijulikane walijipa majina ya Kiswahili kwa kuhesabu: mmoja aliitwa Moja, mwingine Mbili, na Che mwenyewe akaitwa Tatu. Huko Kongo alipewa kijana wa miaka 16, Freddy Ilanga, awe mkalimani wake na amfundishe Kiswahili. Kijana huyo baadaye alipelekwa Cuba, akasoma, akawa daktari wa upasuaji wa ubongo. Naye Che, vita ilipomshinda mwezi Novemba mwaka ule ule, alijificha miezi kadhaa Dar es Salaam katika ubalozi wa Cuba, akaandika kumbukumbu zake za Kongo. Kwa hiyo lugha hizi mbili zilikwisha kukaa meza moja zamani. Isitoshe, tangu mwaka 2022 Kiswahili kimekubaliwa kuwa lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika, ambako Kihispania nacho kimo miongoni mwa lugha rasmi.

Sasa turudi kwenye daftari. Tulichukua kitenzi kimoja, "salir", maana yake kuondoka au kutoka. Mhispania akitaka kusema kwamba mtu aliondoka, mara moja, jambo likaisha, husema "salió". Lakini akitaka kusema kwamba mtu huyo alikuwa akiondoka, ama kwa mazoea, ama kwa maana kwamba kuondoka kulikuwa bado kunaendelea, husema "salía". Hii ya pili ndiyo wanayoiita "imperfecto", yaani isiyokamilika. Isichanganywe na kukosea; maana yake ni kwamba msemaji hatuonyeshi mwisho wa tendo.

Hebu tukibadilishe kitenzi hicho kwa nafsi zote. Mimi: salía. Wewe: salías. Yeye: salía. Sisi: salíamos. Ninyi: salíais. Wao: salían. Huko Amerika ya Kusini hiyo ya "ninyi" hawaitumii. Badala yake hutumia ile ya "wao". Ukitazama utaona kwamba "mimi" na "yeye" zinafanana kabisa, na msikilizaji hutambua anayesemwa kwa mazungumzo yenyewe. Hapo Kiswahili kimemshinda Mhispania, kwa sababu sisi "ni" na "a" hazichanganyiki hata gizani.

Vitenzi vyote vinavyoishia na "-er" au "-ir" hufuata njia hiyo ya "ía". Vile vinavyoishia na "-ar" huchukua "aba". Kufanya kazi ni "trabajar", basi nilikuwa nikifanya kazi ni "trabajaba", ulikuwa ukifanya kazi ni "trabajabas", tulikuwa tukifanya kazi ni "trabajábamos", walikuwa wakifanya kazi ni "trabajaban". Herufi "j" hapo hutamkwa kama "kh" ya watu wa pwani.

Na vitenzi vikaidi ni vitatu tu katika lugha nzima. Kuwa ni "ser", nako hugeuka "era". Kuona ni "ver", hugeuka "veía". Kwenda ni "ir", hugeuka "iba". Hapo binti alicheka sana, kwa sababu Mhispania akisema alikuwa akienda sokoni, sikio la Mswahili linasikia mtu anaamrishwa kuiba.

Matamshi nayo hayatupi shida. Sisi mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na "salía" yao hutamkwa hivyo hivyo, kama tunavyosema "kusalia". Lakini kile kialama kidogo juu ya herufi "i" si pambo. "Sabía" yenye alama maana yake ni alikuwa akijua. "Sabia" isiyo na alama ni mwanamke mwenye hekima. Mwandishi akisahau alama, maana inahama.

Binti akaniuliza: "Haya baba, nimekariri. Lakini nitajuaje wapi niseme salió na wapi niseme salía?"

Nikamwambia asikilize nje. Hapa Mafinga huwezi kukaa muda mrefu bila kusikia msumeno wa mashine. Nikamwambia: "Ukisikia msumeno umo ndani ya gogo unalia, hujui ulianza saa ngapi wala utamaliza saa ngapi, hiyo ni salía. Ubao ukishadondoka chini, pu, ukahesabika kuwa ni ubao mmoja, hiyo ni salió." Alielewa. Mtoto wa Mafinga huelewa mambo kwa mbao.

Ndipo nikamwambia jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii: mgawanyo huo huo tunao sisi. Tunautumia toka tukiwa watoto, ila shuleni tulifundishwa wakati uliopita ni "li", uliopo ni "na", ujao ni "ta", kengele ikalia tukatoka darasani.

Tazama. "Aliondoka" ni ubao uliodondoka. Tendo moja, limekwisha. Kutengeneza ile isiyokamilika, Kiswahili huchukua vitenzi viwili na kuvifunga pamoja. Cha kwanza ni kitenzi "kuwa" katika wakati uliopita, cha pili ni kitenzi chenyewe chenye "ki". Nilikuwa nikiondoka. Ulikuwa ukiondoka. Alikuwa akiondoka. Tulikuwa tukiondoka. Mlikuwa mkiondoka. Walikuwa wakiondoka. Cha kwanza kinabeba wakati, cha pili kinabeba mwendo wa tendo, na vyote viwili hubeba nafsi. Hata visivyo na roho hufuata sheria hiyo: mti ulikuwa ukianguka, maji yalikuwa yakichemka, kiwanda kilikuwa kikiungua.

Badala ya "ki" waweza kutia "na": alikuwa anaondoka. Huku bara ndivyo wengi tunavyosema, na si kosa. Ila kuwa mwangalifu na vitenzi vifupi. Ukitumia "na" unasema alikuwa anakula, alikuwa anakunywa. Ukitumia "ki" ile "ku" huanguka: alikuwa akila, alikuwa akinywa. Nimesikia watangazaji, nami nikiwemo zamani, wakisema "alikuwa akikula". Huko ni kumvika mtu mmoja makoti mawili.

Kuna ndugu wa tatu ambaye hana budi kutajwa: "alikuwa ameondoka". Huyu anasema kwamba tendo lilikwisha kukamilika kabla ya jambo jingine kutokea. Moto ulipoanza, mlinzi alikuwa ameondoka: hayupo. Moto ulipoanza, mlinzi alikuwa akiondoka: yumo njiani, pengine mkono bado uko kwenye lango. Moto ulianza, mlinzi akaondoka: amekimbia baada ya kuuona. Sentensi tatu, mlinzi mmoja, moto mmoja, na lawama za namna tatu.

Aina hii isiyokamilika ina kazi nne, na kwa mastaajabu yangu Kihispania na Kiswahili huzigawa karibu sawasawa.

Kazi ya kwanza ni mazoea ya zamani. "Tulipokuwa wadogo tulikuwa tukienda mtoni kila Jumamosi." Mhispania hapo hutumia "íbamos". Hakuna anayehesabu mlikwenda mara ngapi.

Kazi ya pili ni kuweka mazingira ya habari. "Mvua ilikuwa ikinyesha basi lilipofika." Mvua ni uwanja, basi ni mchezaji. Msimuliaji hodari wa hadithi huku kwetu hufanya hivi bila kufundishwa: hutandika kwanza mkeka kwa "alikuwa akilima, jua lilikuwa likizama", halafu huleta "ka" za kukimbiza mambo, "akasikia mlio, akageuka, akaona". Ukisikia "ka" ujue hadithi inatembea. Ukisikia "alikuwa aki" ujue imesimama kidogo ili uangalie huku na huku.

Kazi ya tatu ni kueleza hali, umri na saa. "Ilikuwa saa tisa usiku", "nilikuwa na miaka kumi". Hapa sisi twatosheka na "kuwa" peke yake, na Mhispania naye hutumia "era", "eran" au "tenía", zote za upande huo usiokamilika.

Kazi ya nne ni adabu. Hii ilimfurahisha sana binti. Daftari lake linasema kwamba mtu akiingia mkahawani Hispania, badala ya kusema nataka kahawa, anaweza kusema "quería un café", yaani nilikuwa nataka kahawa, ingawa anaitaka sasa hivi na wala hajabadili nia. Nikamwuliza: "Wewe ukiingia ofisi ya serikali unasemaje?" Akafikiri, akajibu: "Nasema, samahani, nilikuwa naomba fomu." Basi ni kile kile. Tunalisogeza ombi nyuma kidogo ili lisimgonge mtu usoni.

Wapo watakaosema: mbona sisi mitaani tuna njia fupi zaidi? Ni kweli. Vijana wa mijini, na wazee wao pia, husema "nilikuwaga", "alikujaga", "anaendaga". Hiyo "ga" ya mwisho si uhuni kama walimu wengi wanavyodhani. Lugha nyingi za Kibantu za bara zina kiambishi cha namna hiyo, "ag" au "ang", cha kuonyesha tendo la mazoea au la kuendelea. Wataalamu wa lugha hizo, kama Mbelgiji Meeussen katika kazi yake ya mwaka 1967, wanakihesabu kuwa ni cha kale sana. Wanyakyusa wa Mbeya wanacho katika vitenzi vyao vya wakati uliopita. Wakenya wengi nao, wakizungumza kwa kujiachia, husema "alikujanga". Kiswahili sanifu hakikukichukua kwa sababu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja cha mjini Zanzibar kuwa msingi, na Kiunguja hakina "ga" hiyo. Kwa hiyo msemaji wa "alikujaga" anatafuta jambo la maana, ila analitafuta kwa chombo cha lugha ya nyumbani. Katika barua ya kazi na katika taarifa ya habari usikitumie. Kwenye kijiwe, mwacheni mtu aseme.

Tunayo pia "hu": yeye huondoka saa tisa. Hiyo ni mazoea ya sasa. Waandishi wengine huifunga na "kuwa" wakasema "alikuwa huondoka", na mimi naipenda kwa sababu haina utata. Nitaeleza utata wenyewe, maana ndio ulioniingiza katika deni.

Utata ni huu. "Alikuwa akiondoka saa tisa" yaweza kuwa na maana mbili. Yaweza kuwa: siku ile, saa tisa ilimkuta katikati ya kuondoka. Yaweza pia kuwa: kila siku, saa tisa, huyo hayupo. "Salía" ya Kihispania ina utata huo huo. Msikilizaji huchagua maana moja kwa kufuata maneno yaliyo jirani, na asipopewa maneno ya jirani, huchagua ile anayoitaka.

Sasa nimfikie mtu wangu.

Mwaka 2009 nilikuwa na miaka miwili tu kazini, diploma yangu ya uandishi wa habari bado inanukia wino. Kiangazi kile kilikuwa kikali. Watu wa huku wanajua maana ya kiangazi mahali penye msitu mkubwa wa kupandwa kama wa Sao Hill na viwanda vya mbao kila upande: maranda makavu, magome makavu, upepo, na mtu mmoja mwenye kibiriti. Usiku mmoja mbao zilizopangwa katika uwanja wa kiwanda kimoja ziliungua. Hakuna aliyekufa, lakini hasara ilikuwa kubwa.

Asubuhi nilikwenda na kinasa sauti changu. Nilimkuta mama mmoja anayeuza chai na maandazi ng'ambo ya barabara. Aliniambia hivi, na kanda ile ninayo mpaka leo: "Mlinzi aliondoka saa tisa. Mtoto wake alikuwa anaumwa, wakaja kumwita. Akarudi kabla ya alfajiri, akakuta moto."

Nilirudi kuandika. Ukitaka kuelewa kosa langu, uelewe kwanza lugha ya kwetu ya redio. Tulikuwa tunaamini, na wengine wanaamini hata sasa, kwamba kitenzi kirefu kina heshima kuliko kifupi. "Alisema" tunaifanya "alikuwa akisema". "Walidai" inakuwa "walikuwa wakidai". Inajaza mdomo vizuri, inasikika kama habari. Basi nikaandika: "Mashuhuda wameeleza kuwa mlinzi huyo alikuwa akiondoka lindoni majira ya saa tisa usiku." Na kwa kuwa taarifa ilikuwa ndefu, habari ya mtoto mgonjwa ikakatwa. Mhariri akapitisha. Saa saba mchana nikaisoma mwenyewe, kwa sauti nzuri.

Mwajiri aliisikia. Nilikuja kuambiwa kwamba yule mzee alipoitwa ofisini hakuulizwa juu ya usiku ule. Aliulizwa ameanza lini tabia hiyo. Akasema hakuwa na tabia. Akajibiwa kwamba redio imesema, tena imewataja mashuhuda. Alikuwa amefanya kazi pale miaka kumi na moja. Alifukuzwa juma lile lile.

Nilipopata habari nilikwenda tena kwa mama wa chai, nikamsomea sentensi yangu. Alinitazama akasema: "Mwanangu, mimi sikusema hivyo." Nikafungua kanda. Kweli hakusema hivyo. Yeye alisema ubao mmoja umedondoka. Mimi nilitangaza kwamba msumeno unalia kila usiku.

Tulisoma masahihisho siku ya nne. Masahihisho, ndugu msikilizaji, husomwa mwishoni mwa taarifa, baada ya hali ya hewa, wakati watu wamekwisha kusimama kwenda kunawa mikono. Hayakumrudisha mtu kazini.

Baada ya miezi kadhaa nilikutana na yule mzee stendi ya mabasi. Alikuwa na mzigo wa viazi, anasafiri. Nilimwamkia, nikajitambulisha, nikamwomba radhi. Hakunigombeza. Alisema maneno machache tu: "Mwandishi, mimi niliondoka. Sikuwa naondoka." Basi lake likapiga honi, akapanda.

Sijawahi kusikia mwalimu yeyote wa sarufi akieleza jambo hili kwa ufupi kuliko yule mzee. "Niliondoka": kosa lipo, nalikiri, ni moja, lina usiku wake na lina sababu yake. "Sikuwa naondoka": tabia hiyo si yangu.

Angalia pia kwamba ukanusho wenyewe una milango miwili. Waweza kukanusha kitenzi cha kwanza, "sikuwa nikiondoka", au cha pili, "nilikuwa siondoki". Masikioni mwangu ya kwanza inakataa tuhuma: hapana, mambo hayakuwa hivyo. Ya pili inaeleza msimamo: mimi nilikuwa mtu wa kukaa lindoni. Mzee alichagua ya kwanza, kwa sababu aliyekuwa mbele yake ndiye aliyemtuhumu.

Wengine mtasema: lakini mwandishi, kitenzi tu hakimfukuzi mtu kazi. Hebu tuangalie sheria basi. Tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na chini yake zipo kanuni za utendaji bora za mwaka 2007. Kanuni hizo zinasema kwamba kosa la kwanza la mfanyakazi halitoshi kuwa sababu ya kumwachisha kazi, isipokuwa ithibitishwe kwamba kosa lenyewe ni zito kiasi cha kufanya uhusiano wa kazi usivumilike tena. Soma hapo kwa macho ya sarufi. Sheria inauliza: je, aliondoka, au alikuwa akiondoka? Aliyeondoka mara moja kwa sababu ya mtoto mgonjwa ana mahali pa kusimama na kujitetea. Aliyekuwa akiondoka kila usiku, utetezi wake ni mwembamba. Kati ya hao wawili hakuna kingine ila "kuwa" na "ki", na mimi niliviongeza kwa sababu vilinijaza mdomo.

Na si redio peke yake. Mtendaji wa kijiji anayeandika muhtasari wa kikao, ofisa anayepokea maelezo ya shahidi, mwalimu anayemwandikia mzazi barua kuhusu mtoto wake, wote wanashika msumeno huo huo. "Mtoto wako alimpiga mwenzake" ni barua moja. "Mtoto wako alikuwa akimpiga mwenzake" ni barua nyingine kabisa, nayo huamsha fimbo nyingine nyumbani. "Jirani alichota maji kisimani kwangu" haina shauri. "Jirani alikuwa akichota maji kisimani kwangu" yaweza kufika kwenye baraza la kata.

Kwa upande wa pili, si vizuri pia kumfichia mtu mazoea yake kwa kutumia kitenzi kifupi. Mwanamke akisema "mume wangu alikuwa akinipiga", halafu mwandishi wa maelezo akaandika "mume wake alimpiga", hapo miaka ya mateso imefanywa jioni moja. Aliyeumizwa mara nyingi amepunguziwa haki yake. Kwa hiyo sisemi kwamba kitenzi kifupi ndicho kizuri na kirefu ndicho kibaya. Nasema kila kimoja kina kazi yake, na anayesimulia habari ya mtu mwingine hana ruhusa ya kuchagua kwa kupendezwa na sauti.

Tangu siku ile nina kanuni tatu, na nawapa bure vijana wanaoingia katika kazi hii. Ya kwanza: kitenzi cha shahidi usikiguse. Kama alisema "li", andika "li". Ya pili: ukisikia "alikuwa aki" au "alikuwa ana", muulize mara moja, je, ni siku ile, au siku zote? Kama ni siku zote, ulijuaje? Ya tatu: ukiandika "alikuwa aki", ipe jirani wa kuisaidia, yaani "wakati huo huo" au "kila siku" au "mara kwa mara", ili msikilizaji asibaki kuchagua mwenyewe. Mhispania naye hufanya hivyo. Daftari la binti limejaa maneno ya namna hiyo, "siempre" maana yake siku zote, "cada noche" maana yake kila usiku, "a menudo" maana yake mara nyingi.

Binti alinisikiliza mpaka mwisho, chai yake imepoa. Kisha akachukua kalamu, akaandika mistari miwili kwenye daftari. Wa kwanza: "El guardia salió a las tres." Wa pili: "El guardia salía a las tres." Pembeni ya ule wa kwanza akaandika kwa Kiswahili: huyu ana mtoto mgonjwa. Pembeni ya wa pili akaandika: huyu hana kazi.

Akaniuliza: "Baba, yule mzee yuko wapi sasa?" Nikamwambia sijui. Basi lile lilikuwa la Njombe, na sikumwuliza jina la kijiji chake. Nilikuwa na kinasa sauti begani na sikukumbuka kukiwasha.

Ndugu msikilizaji, muda wangu umekwisha. Tukutane juma lijalo, majaliwa. Mimi naondoka.